Kiazi Cheupe, Kiazi Lishe na Hesabu ya Michembe

Mwenye kishamba cha robo eka pembezoni mwa mji wa Tabora, awe Ipuli, Malolo au Kiloleni, hukabiliwa na swali lile lile kila mvua zinapokaribia: apande viazi lishe, vile vitamu vyenye rangi ya chungwa ndani, au abaki na viazi vyeupe alivyovizoea tangu utotoni? Katika semina za lishe jibu hutolewa kana kwamba lilikwisha kupatikana zamani. Anayepokea mbegu mpya huitwa mkulima wa mfano, na anayerudi kwenye Polista au Ukerewe, aina za viazi zilizozoeleka, huhesabiwa kuwa elimu bado haijamfikia. Kazi iliyofanywa juu ya kiazi lishe ni kubwa na ninaiheshimu. Hata hivyo, naamini mkulima wa kiazi cheupe amehukumiwa kabla ya kusikilizwa, na kwamba anachokijua kuhusu kiangazi cha Tabora kilipaswa kuwa sehemu ya ulinganisho tangu mwanzo.

Hoja ya kiazi lishe inastahili kutajwa kwanza, tena bila kupunguzwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa vitamini A, upungufu ambao hudhoofisha kinga ya mwili na, ukizidi, huharibu macho. Rangi ya chungwa iliyo ndani ya kiazi lishe ni betakarotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Nchini Msumbiji, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliona kiwango cha vitamini A kikipanda katika damu ya watoto ambao familia zao zilipewa mbegu pamoja na mafunzo. Mwaka 2016, Maria Andrade, Robert Mwanga, Jan Low na Howarth Bouis walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa juhudi za kurutubisha mazao kwa njia ya uzalishaji wa mbegu, na kiazi hiki kilikuwa kiini cha kazi ya watatu wa kwanza. Kiazi cheupe hakina karotini ya kutajika, na juu ya hilo hakuna ubishi.

Takwimu inayorudiwa kuliko zote ni gramu 125. Kiasi hicho cha kiazi lishe, yaani kiazi kimoja kidogo, kinatosha kumpa mtoto mdogo vitamini A anayoihitaji kwa siku. Takwimu hii ni sahihi, lakini inapaswa kusomwa pamoja na masharti yake. Inahusu kiazi kibichi, yaani kisichokaushwa, chenye rangi iliyokolea, kilichochemshwa muda mfupi baada ya kuchimbwa na kuliwa pamoja na mafuta kidogo ili karotini ifyonzwe vizuri. Zaidi ya hayo, ni takwimu ya siku moja. Haisemi mtoto wa Tabora huwa na kiazi kibichi mbele yake kwa siku ngapi katika mwaka, na katika mkoa wenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba na kuishia Aprili, swali hilo lina uzito sawa na hizo gramu zenyewe.

Huku kwetu matuta hupandwa marando, yaani vipande vya shina la kiazi, kati ya Desemba na Februari, na viazi huchimbwa kuanzia Aprili hadi Julai. Baada ya hapo ardhi hukauka, hupasuka, na kiazi kilichobaki chini huwa mali ya fukuzi, mdudu anayetoboa viazi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mavuno haiishii kwenye sufuria ya siku hiyo. Viazi humenywa, huachwa vinyauke kidogo, hukatwa vipande na kuanikwa juani kuwa michembe, au huchemshwa kwanza, kisha hukatwa na kuanikwa kuwa matobolwa. Mama anayeanika huchukua kipande na kukivunja kwa vidole: kikikatika kwa mlio mkavu, kimefika, kikipinda, kinarudishwa juani, kwa sababu kipande kimoja chenye unyevu huweza kuoteshea ukungu vingine vyote ghalani. Ifikapo Desemba na Januari, mahindi yakiwa bado machanga shambani na debe la mwisho la unga likikaribia kuisha, michembe iliyochemshwa pamoja na karanga ndiyo inayoishikilia nyumba.

Mkulima anapouliza kuhusu mbegu, basi, anauliza kiazi hicho kitatoa michembe kiasi gani. Hapo ndipo hesabu inapobadilika. Kiazi cheupe chenye unga mwingi kinaweza kuwa na takriban asilimia 35 ya kitu kikavu, na kinachobaki ni maji. Aina kadhaa za viazi lishe, hasa zile zilizotangulia kuletwa, zina asilimia 25 au chini ya hapo. Chukua kilo 100 za kila aina na uzikaushe mpaka unyevu ubaki asilimia 10. Tukiacha maganda, ambayo hupunguza uzito pande zote mbili, kiazi cheupe kitatoa takriban kilo 39 za michembe na kiazi lishe cha namna hiyo kitatoa kilo 28. Tofauti ni kilo 11 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 zilizochimbwa, kubebwa, kumenywa na kukatwa kwa mikono ile ile na kwa siku zile zile za jua.

Ninaisisitiza hesabu hii kwa sababu haionekani kwenye mizani ya siku ya mavuno. Siku hiyo viazi hupimwa vikiwa vibichi, na aina yenye maji mengi inaweza kuonekana imeshinda kwa mbali. Ili aina yenye asilimia 25 itoe michembe sawa na ile yenye asilimia 35, inabidi izae kilo 140 mahali ambapo nyenzake imezaa 100. Ikizaa kilo 130, daftari litaandika kwamba imeongeza mavuno kwa asilimia 30, ilhali ghala la mwenye shamba litakuwa limepungua, na mwenye kumenya atakuwa amemenya kilo 30 zaidi ili apate chakula kidogo zaidi. Mkulima hahitaji kuandika asilimia yoyote ili alitambue hilo. Hulitambua anapoona mkeka uliojaa asubuhi umebaki na vipande vyembamba vilivyojikunja, na analikumbuka mwaka unaofuata anapochagua marando. Wale wanaosema amekataa mbegu kwa ushamba hawajawahi kupima mkeka wake.

Haki inadai niseme kwamba watafiti waliyasikia malalamiko haya. Ejumula na Kabode, aina mbili zilizotoka Uganda na kuenea katika eneo hili la Afrika, si viazi vya maji: Kabode hukaribia asilimia 30 ya kitu kikavu, na Ejumula inaweza kupita hapo. Kwa Kabode, hesabu yangu ya awali inashuka kutoka tofauti ya kilo 11 hadi takriban kilo sita, nayo ni tofauti ambayo mavuno mazuri yanaweza kuifidia. Aina nyingi za kiazi lishe pia hukomaa mapema, na katika mwaka ambao mvua inakatika Machi, kukomaa mapema si jambo dogo hata kidogo. Anayelinganisha kiazi cheupe bora na kiazi lishe dhaifu kuliko vyote halinganishi kwa haki.

Hata hivyo, linabaki jambo ambalo uzalishaji wa mbegu haujalimaliza. Karotini haipendi hewa, mwanga wala joto. Katika kuanika kwenyewe hupotea sehemu tu, na anayekausha haraka au kivulini anaweza kuokoa nyingi. Hasara kubwa huja ghalani: michembe ya kiazi lishe ikihifadhiwa miezi minne katika joto la kawaida, zaidi ya nusu ya karotini hutoweka, na rangi ya chungwa hupauka machoni pa mtu. Iliyoanikwa Julai ikiliwa Desemba imekwisha kupita miezi hiyo minne. Kwa maneno mengine, ubora ambao kwa ajili yake mkulima aliombwa akubali kilo pungufu hupungua mno katika miezi ile ile ambayo kilo hizo zinahitajika.

Mtetezi wa kiazi lishe ana jibu, na ni jibu zuri. Vitamini A huhifadhiwa kwenye ini, na ndiyo maana watoto wanaweza kupewa matone yake mara mbili tu kwa mwaka. Mtoto aliyekula kiazi lishe kibichi kuanzia Aprili hadi Julai huingia kiangazi akiwa na akiba mwilini. Nakubali. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba kiazi lishe kinahitajika kwa wingi wa kutosha kuliwa kibichi kwa miezi mitatu au minne. Haithibitishi kwamba kinapaswa kuchukua robo eka nzima na kujaza ghala.

Vilevile kiazi cheupe hakiliwi peke yake, na hapa ndipo ulinganisho wa kiazi kwa kiazi unapopotosha. Marando yake yanatoa matembele, na matembele ya kiazi cheupe yana karotini kama mboga nyingine za majani mabichi. Mawese mekundu yanayosafiri kwa treni kutoka Kigoma yana karotini nyingi sana, na yakipikiwa matembele hayo yanaongeza karotini juu ya karotini na kuleta mafuta ya kuisaidia ifyonzwe. Maembe ya Tabora, ambayo mkoa huu unasifika kwayo, huiva Novemba na kuendelea, yaani wakati michembe ndiyo chakula. Ni kweli kwamba mwili hunufaika zaidi na karotini ya kiazi kuliko ile ya majani, na kwamba mtoto wa miezi minane hatafuni matembele kwa hiari. Kwa mtoto huyo kiazi lishe kilichopondwa hakina mpinzani. Ila mtu mzima na mtoto wa shule katika nyumba yenye mboga, mawese na mwembe uani hawako katika hali ambayo bango la lishe huichora.

Suala la marando ndilo ambalo, kwa maoni yangu, limewaangusha wapenzi wengi wa kiazi lishe ambao hawakuwa na ubishi wowote nacho kwa ladha wala kwa unga. Kiazi kitamu hupandwa kwa kipande cha rando, na rando halikai ghalani. Kuanzia Mei hadi Oktoba lazima liishi mahali fulani: bondeni, kando ya kisima, au chini ya mgomba unaomwagiliwa maji ya kuoshea vyombo. Wengi hutegemea viazi vidogo vilivyosahaulika ardhini, ambavyo huchipua mvua za kwanza zinaponyesha, na aina za kienyeji zenye kuzaa chini zaidi hujirudisha hivyo bila gharama. Aina inayozaa juu juu huliwa na fukuzi kabla ya Septemba, kwa kuwa mdudu huyo hupenya kwenye nyufa za udongo, na alipopita kiazi huwa kichungu hata kwa nguruwe.

Kuna pia ugonjwa wa virusi, unaokuwa mkali pale virusi viwili vinapokutana katika shina moja, kimoja kikiletwa na vidukari na kingine na nzi weupe. Majani hudumaa na kupauka, na mavuno yanaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Ejumula, pamoja na unga wake mzuri, hushambuliwa kwa urahisi. Kabode huvumilia zaidi. Viazi vyeupe vya kienyeji havina kinga kamili, lakini vile vilivyobaki mikononi mwa watu ni vile vilivyoyapita mengi, kwa sababu vilivyoshindwa vilikwisha kuachwa. Anayegawiwa marando safi ya kiazi lishe mara moja, bila mahali pa kuyatunza wakati wa kiangazi, huwa amegawiwa zao la msimu mmoja.

Ipo njia ya kulikabili tatizo hilo, na inastahili kufundishwa zaidi ya inavyofundishwa. Viazi vidogo vizima, visivyo na tundu la fukuzi, hupangwa ndani ya beseni au ndoo kwa tabaka za mchanga mkavu na kuwekwa ndani ya nyumba. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua hupandwa kwenye kitalu kidogo na kumwagiliwa, na mvua inapofika marando yako tayari. Mwenye kisima karibu na ndoo mbili za mchanga anaweza kuilinda Kabode yake mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo ningeligawa shamba la robo eka hivi: matuta mengi yawe ya kiazi cheupe chenye unga, kwa ajili ya michembe na kwa ajili ya wateja wa mjini wanaotaka kiazi kikavu cha kunywea chai, na matuta machache yaliyo karibu na maji yawe ya Kabode, ya kuchimbwa kidogo kidogo na viazi vyake kuliwa bila kukaushwa. Nyumba yenye mtoto aliyetimiza miezi sita iongeze matuta hayo na kuyapanda mapema kuliko yote. Na wale wanaoendesha mashamba ya majaribio, kabla hawajatangaza mshindi tena, wapime mambo mawili ambayo mkulima huyapima: kilo za michembe mwezi Julai, na idadi ya marando yaliyo hai katika wiki ya kwanza ya mvua.