Uchawi usio na masharti haunogi

Jamani mie nna jambo limenikaa rohoni tokea wiki iliopita, nisipolisema ntapasuka. Nilikuwa nasoma hadithi ya jini, zile za kutumiwa vipande vipande kwenye simu, sehemu kumi za mwanzo bure halafu ukishanogewa ndo unaambiwa tuma elfu mbili. Nikatuma. Mwanamke kaolewa na jini bila kujua, imekaa vizuri kweli, mpaka mchuzi ukaniungulia jikoni. Sasa kufika sehemu ya arubaini na kitu huko, mwanamke kafungiwa kwenye pango chini ya bahari, hana njia, mie roho juu, nafungua sehemu inayofata, jini kapiga kofi moja, basi, wote wako nyumbani wanakunywa chai. Khaa! Kama kofi lilikuwepo mbona hakulipiga tokea sehemu ya tatu?

Elfu mbili yangu ikaenda hivo.

Sina ugomvi na jini, majini mie nayapenda. Ugomvi wangu ni kuwa jini yule hana masharti. Na sisi tuliozaliwa Pemba masharti tunayajua kabla hatujajua kusoma, hamna dawa isiokuwa na sharti lake. Hata kombe tu, lile la kuandikwa kwa zafarani kwenye sahani likaoshwa likanywewa, lina namna yake, huandiki na wino wa kalamu ya dukani ukasema nimemaliza. (Kabla hamjanirukia, simwambii mtu aende kilingeni, nazungumzia hadithi, tulieni.)

Bibi alikuwa akitupa kisa cha mnazi uliotiwa kago, ile dawa ya kulinda mali isiibiwe. Mwizi kapanda usiku kaangua madafu, kushuka chini anauzunguka ule mnazi tu, haoni njia, anazunguka mpaka kunakucha na madafu yake begani. Hapo sisi tunacheka. Halafu bibi anaongeza kwa sauti ya chini, lakini mwenye shamba lazima afike amfungue kabla jua halijatoka, jua likimkuta mwizi bado anazunguka basi kago linamgeukia mwenyewe, linaingia nyumbani kwake. Kicheko kinakatika hapo hapo. Mmoja wetu akauliza, "Na akipitiwa na usingizi je, bibi?" Bibi akasema, "Ndo hadithi yenyewe hiyo, nyamaza usikilize." Na kweli, bila ya lile sharti kuna nini pale? Kuna mtu anazunguka mnazi.

Nakuja kwenye vitabu vya wenzetu. Yuko Mmarekani mmoja, Brandon Sanderson, nilimsoma kwenye boti kutoka Mkoani kuja Unguja, watu wanatapika kwenye vifuko mie niko dunia nyengine. Riwaya inaitwa Mistborn, ilitoka 2006. Humo mtu mwenye kipaji anameza unga wa madini halafu anauchoma tumboni mwake, na kila madini yana kazi yake, bati macho na masikio yanakuwa makali, chuma unavuta vyuma vyengine, chuma cha pua unavisukuma. Lakini unakivuta kije kwako moja kwa moja au unakisukuma kiondoke kwako moja kwa moja tu, hukipindishi, na kama kitu ni kizito kukushinda unaotupwa ni wewe. Kwa hivo Vin, msichana wa riwaya yenyewe, akitaka kuruka juu anaangusha sarafu chini anaisukuma, sarafu haina pa kwenda, anapaa yeye. Nilipolifahamu hilo kila nikiona kipande cha chuma kwenye ukurasa nashtuka, na madini yakimuishia tumboni katikati ya mapigano nahisi mie ndo nnaoishiwa.

Sanderson mwenyewe ana kanuni yake, anasema mwandishi anaweza kumtoa mtu kwenye shida kwa uchawi kadiri msomaji anavyoufahamu huo uchawi. Yaani kofi la yule jini kalielezea yeye bila kulisoma.

Ila nae, niseme ukweli, kuna kurasa nahisi nimerudi kwenye fizikia ya skuli. Roho yangu iko kwa Mmarekani mwengine, Ursula Le Guin, na riwaya yake ya Mchawi wa Earthsea, ya 1968 hiyo, na nnafikiri ni kwa sababu dunia yake nzima ni visiwa, watu wanasafiri kwa mashua, mchawi anaajiriwa kuita upepo wa tanga, na Ged, huyo mchawi mwenyewe, rangi yake maji ya kunde, rafiki yake mweusi kama sisi. Humo nguvu iko kwenye jina la kweli la kitu, jina lako unampa unaemuamini tu. Na ukiita mvua kisiwa hichi unaweza ukawa umekikausha kisiwa chengine. Mtu wa Pemba akisoma hapo haelezwi kitu, anaangalia tu upande wa Unguja akatabasamu.

Sasa kwanini waandishi wetu wa majini wanaliacha hili, na mali ipo kwetu? Muhammed Said Abdulla, yule mwandishi wetu wa hadithi za upelelezi, mizimu hata hakuitaka, mpelelezi wake Bwana Msa anaipekua mpaka anampata binaadamu nyuma yake, lakini hakudanganyi, akifumbua fumbo unajiona mjinga kwa sababu ushahidi ulikuwa mbele ya macho yako. Uaminifu ule ule nautaka kwa jini. Niambie mapema anaogopa nini, haruhusiwi nini, akivunja analipa nini, halafu mtie pangoni unavotaka.

Basi nikasema wacha nijaribu mwenyewe, niandike cha mnazi. Nimeandika kurasa nne nikakwama, la kuchomoza jua nalikumbuka lakini bibi alikuwa akitaja na sharti jengine, la kitu ambacho mwenye shamba asile, na bibi hayupo tena. Nikampigia shangazi yangu wa Konde nikamuuliza, shangazi, kago la mnazi masharti yake yapi? Akanyamaza kidogo.

"Kakuibia nani?"