Uvimbe wa ini kwa mtoto mchanga: kisu kisitangulie

Hoja ya wanaotaka kupasua mapema si ya kubeza. Hepatoblastoma, saratani ya ini inayoongoza kwa watoto wadogo, hukua haraka na hutibika vizuri zaidi ikiwahiwa. Tatizo ni kwamba katika miezi sita ya kwanza, uvimbe unaoonekana zaidi kwenye ini ni hemanjioma: fundo la mishipa ya damu, si saratani, na mara nyingi hunywea lenyewe.

Kinachowaponza wengi ni kipimo cha damu cha AFP, protini ya ini la kichanga ambayo hepatoblastoma nayo huipandisha. Karatasi ya maabara huandika kiwango cha kawaida kuwa chini ya 10, lakini hicho ni cha mtu mzima. Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huzaliwa na wastani wa nanogramu 48,000 hivi kwa mililita. Njiti huwa nazo zaidi. Akifika miezi miwili wastani ni kama 300, na hukaribia kiwango cha watu wazima mwezi wa nane. Kwa hiyo 400 iliyopigwa alama nyekundu kwa mtoto wa wiki nane haithibitishi saratani. Rudia kipimo baada ya wiki mbili: ikiwa kimeshuka sana, pumua, kikipanda, waliotaka kupasua wana haki. (AFP ndogo nayo haiondoi saratani moja kwa moja, ndiyo maana picha haziepukiki.)

Kukimbilia kuchoma sindano ili kutoa kinyama nako kuna gharama, kwani hemanjioma huvuja damu. Skani ya dawa ya rangi hutangulia: hemanjioma hujaa rangi kuanzia pembeni kwenda katikati.

Hemanjioma inayohitaji tiba hutibiwa kwa propranololi, dawa ya presha ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza mwaka 2008 kwamba huifanya hemanjioma inywee. Huanzwa miligramu 1 kwa kila kilo kwa siku, ikapandishwa hadi 2 au 3, ikigawanywa mara mbili. Mtoto wa kilo 5 anayepewa 2 kwa kilo anahitaji miligramu 5 kila dozi, yaani sehemu ya nane ya kidonge cha 40. Kukata kwa wembe hakufai hapo. Mfamasia aitengeneze iwe ya maji. Apewe akishanyonya. Akitapika au akikataa kunyonya, dozi irukwe, maana sukari hushuka ghafla.

Kusubiri si kukaa kimya. Hemanjioma zilizotapakaa ini zima huchosha moyo, na hula homoni ya tezi ya shingo kuliko mwili unavyoitengeneza. Asiyepima TSH, kipimo cha damu kinachoonyesha upungufu wa homoni hiyo, atamwacha mtoto adumae akili huku ini likipona. Vilevile, mtoto mwenye alama nyekundu tano au zaidi za hemanjioma kwenye ngozi apigwe ultrasaundi ya ini hata kama tumbo ni laini.

Kisu kina zamu yake kwenye hamatoma ya mesenkaima, uvimbe mwingine wa ini usio saratani, wenye vifuko vya maji, ambao kwa nadra hugeuka sarkoma, aina ya saratani. Huo hutolewa.