"Hakifai kwetu Kongo": huo ni uhakiki au ni kukwepa?

Katika TP (kazi za vitendo za wanafunzi) za uhakiki wa vitabu vya biashara zinazoandikwa kwenye vitivo vya uchumi na menejimenti hapa Lubumbashi, kuna sentensi ambayo haikosi ukurasa wa mwisho: mawazo ya mwandishi ni mazuri, ila hayafai kwa hali yetu ya Kongo. Asistanti mmoja, yaani mwalimu msaidizi anayesahihisha, ataipigia mstari mwekundu na kuandika pembeni, "Umejuaje?" Mwingine ataipa pointi, kwa kuwa hapo angalau mwanafunzi ameacha kufupisha na ameanza kusema la kwake. Kila mmoja ana haki yake. Wanabishania kipimo chenyewe: kitabu kipimwe kwa ushahidi kilioleta, au kwa soko ambalo msomaji wake analijua?

Tuchukue kitabu kimoja tusije tukabishana hewani. Good to Great cha Jim Collins, mtafiti wa menejimenti wa Marekani, kilitoka 2001. Kwa Kifaransa kinaitwa De la performance à l'excellence. Collins na timu yake walianza na kampuni 1,435 za Marekani, wakabakiza 11. Ili kuingia, kampuni ilipaswa iwe imekaa miaka 15 ikiwaletea wenye hisa faida inayolingana na ya soko la hisa kwa jumla, au chini yake, kisha igeuke, na kwa miaka 15 iliyofuata iwaletee angalau mara 3 ya soko. Kila moja ilitafutiwa ya kulinganishwa nayo: kampuni ya sekta ileile iliyokuwa na nafasi kama yake lakini haikupaa. Humo yalitoka mafundisho ambayo hata asiyekisoma kitabu anayataja: kiongozi asiyejikweza, watu sahihi kabla ya mpango, kushikilia jambo moja unaloliweza kuliko wengine.

Wanaodai ushahidi kwanza hawakosi cha kushika hapa. Kati ya zile 11, Fannie Mae, ya mikopo ya nyumba, ilichukuliwa chini ya usimamizi wa serikali Septemba 2008, na Circuit City, ya maduka ya vifaa vya elektroniki, ikaomba kinga ya ufilisi Novemba mwaka huohuo. Wanafunzi wengi hufika hapo wakashangilia na kufunga kazi. Ni mapema mno. Mtetezi wa Collins atajibu kwamba kitabu kilieleza miaka 15 maalumu, na kampuni iliyoanguka baadaye huenda iliacha zile kanuni. Jibu hilo lina uzito, ila litazame linavyofanya kazi: kampuni ikipanda, kanuni zimeipandisha, ikishuka, imeziacha. Ni tukio gani basi lingeweza kuonyesha kwamba kanuni zina kasoro? Swali hilo, likiandikwa kwa mistari mitano na kuwekewa ukurasa wa kitabu, lina thamani kuliko orodha nzima ya kampuni zilizofilisika.

Kuna kasoro iliyo chini zaidi, nayo ni mahali habari zilikotoka. Timu ilitegemea sana makala za magazeti na mahojiano na wakubwa wa kampuni, ambao walihojiwa wakati ushindi umeshajulikana. Phil Rosenzweig, mwalimu wa menejimenti, katika kitabu chake cha 2007, The Halo Effect, alionyesha tatizo la njia hiyo: kampuni ikipata faida, watu humwita mkubwa wake mwenye msimamo, ikipata hasara, mtu yuleyule huitwa mkaidi. Basi ule unyenyekevu wa kiongozi unaweza kuwa sifa aliyovikwa baada ya faida kuonekana, wala usiwe chanzo cha faida. Kuwa na kampuni za kulinganisha, ambalo ni jambo zuri la kitabu hiki na lazima lisemwe, hakuondoi tatizo hili, maana zile zilizobaki chini nazo zilisimuliwa na watu waliojua kwamba zimebaki chini.

Hoja hizi zinakigusa kitabu hukohuko Marekani kabla hakijafika Kasumbalesa, mpakani kwetu na Zambia. Ndiyo maana "hakifai kwetu" ni sentensi ya upole kuliko inavyosikika. Inakubali, bila kukagua, kwamba kitabu ni kweli Marekani. Inachoomba ni sisi tu tuachwe nje.

Upande wa pili nao usidharauliwe. Mwanafunzi wa hapa hawezi kurudia hesabu ya kampuni 1,435. Lawama dhidi ya Collins zimejaa kwenye intaneti, na matokeo yake ni TP kadhaa za darasa moja zenye aya ileile ya Circuit City, kopi-kole hadi koma. Lakini soko la Kenya, yaani komini yetu ya Kenya na si nchi, hakuna mtu wa Marekani atakayemwelezea. Chukua fundisho la kushikilia jambo moja. Mwenye depo ya unga wa mahindi hapa anategemea malori yanayotoka Zambia. Agosti 2024, baada ya Kongo kuzuia bia na vinywaji baridi kutoka nje, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache, Kasumbalesa ikiwemo. Aliyekuwa na unga peke yake alisubiri. Aliyekuwa na saruji kando na vyumba viwili vya kupangisha alikula. Nyuma ya tabia hiyo kuna kumbukumbu ndefu: tangazo la Rais Mobutu la Novemba 30, 1973 lililowapokonya wageni maduka yao, kisha uporaji wa 1991. Kwa mfanyabiashara wa namna hiyo, biashara tatu ndogo ni bima yake. Collins angemwona hana nidhamu.

Hapo atatokea wa kusema: depo ya unga si Kimberly-Clark, mojawapo ya zile kampuni 11, unakilaumu kitabu kwa jambo ambalo hakikuahidi. Ni pingamizi zuri, na ndilo linaloangusha TP nyingi za "hali yetu". Bahati mbaya kwa Collins, katika sura ya kwanza anasema anatafuta majibu yasiyopitwa na wakati ambayo taasisi yoyote inaweza kuyatumia. Akishasema yoyote, depo ya Kenya imeruhusiwa kuingia. Mwanafunzi anukuu dai hilo na ukurasa wake kabla hajataja Kongo. Bila hilo, asistanti mwenye kalamu nyekundu yuko sahihi.

Kwa maoni yetu, basi, soko letu liwe hatua ya pili, tena liwe jaribio badala ya malalamiko. Jaribio dogo linawezekana kwa wiki mbili. Tafuta jozi tatu za wauza unga wa soko moja walioanza karibu miaka ileile na mtaji unaokaribiana: mmoja amekua, mwenzake amebaki palepale au amefunga. Huyo aliyefunga ndiye wengi wanamruka kwa sababu hayupo, na wakimruka wamerudia kosa la vitabu vyenyewe, la kuwauliza waliopona tu. Waulize majirani zake wa soko. Mara nyingi yuko mtaa wa tatu anauza yuniti za simu. Kipimo cha Collins hakitumiki hapa, maana nchi haina soko la hisa. Faranga nayo itakudanganya, kwa kuwa thamani yake kwa dola haitulii. Hesabu mifuko: alikuwa ananunua mifuko mingapi ya kilo 25 kwa safari moja alipoanza, na mingapi leo? Usimwulize faida yake. Atakuona mtu wa kodi na mazungumzo yataishia hapo, hata ukiwa na kadi ya chuo mfukoni. Uliza anauza vitu vya aina ngapi, siku unga ulipochelewa alikula nini, wateja waliokopa wanamfungia mifuko mingapi, na nani nyumbani ana ruhusa ya kuchukua pesa ya mauzo. Maswali yawe yaleyale kwa wote sita. Wafanyabiashara sita hawathibitishi kanuni, na TP iseme hivyo waziwazi. Kampuni 11 nazo si nyingi.

Mambo ya ufundi yanaharibu kazi kuliko fikra mbaya. Muhtasari wa PDF wa kurasa 20 unaozunguka kwenye simu hauna viambatisho, na humo kwenye viambatisho ndimo Collins anaeleza alivyochagua kampuni. Aliyesoma muhtasari hana anachoweza kuhakiki. Anaweza kusifu au kukataa, basi. Soma sura ya kwanza na viambatisho kabla ya sura za katikati. Tengeneza fishi, karatasi ya kumbukumbu, yenye safu tatu: dai, ushahidi alioutoa, ukurasa. Safu ya pili ikibaki tupu mara kwa mara, uhakiki umeshajiandika. Taja toleo ulilotumia, kwa sababu kurasa za Kifaransa hazilingani na za Kiingereza. Kwa TP ya kurasa sita, muhtasari usizidi ukurasa mmoja na nusu, ushahidi upewe mbili, soko letu moja na nusu, na uamuzi wako uchukue unaobaki. TP nyingi hutumia nne kufupisha, kisha mwandishi anafika kwenye sekretariati ya kuchapisha na nusu ukurasa wa "maoni".

Si kila kitabu kinastahili mzigo huu. Père riche, père pauvre cha Robert Kiyosaki, cha 1997, hakidai utafiti. Ni masimulizi na ushauri. Ukikitafutia sampuli umekikosea. Hapo swali ni kama ushauri unaweza kufuatwa na mtu asiye na benki ya kumkopesha pesa ya nyumba, na kwa mara ya kwanza ile sentensi ya "kwetu Kongo" inaruhusiwa kutangulia, mradi ifuatwe na hesabu: riba kiasi gani, dhamana gani, kodi ya nyumba miezi mingapi ndipo deni liishe.

Tatizo linalobaki ni la upande wa walimu. Asistanti mwenye rundo la TP husahihisha muhtasari haraka kuliko hoja, na mwanafunzi anajua hilo. Maelekezo ya kazi yakisema tu "fanya uhakiki wa kitabu", bila kueleza pointi ngapi ni za muhtasari na ngapi za ushahidi, atakayefupisha kurasa nne hana kosa kubwa.