Kiini Kimoja au Viwili? Hesabu Iliyofichwa Ndani ya Mpira wa Gofu

Anayebuni mpira wa gofu hana uhuru mwingi. Kanuni za R&A na USGA, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zinataka mpira usizidi gramu 45.93, kipenyo kisipungue milimita 42.67, mwendo wa awali katika kipimo chao usizidi futi 250 kwa sekunde pamoja na ruhusa ya asilimia 2, na umbali wote usipite yadi 317 pamoja na 3 za ruhusa. Mipira ya daraja la juu imeshasogea hadi ukingoni mwa mipaka hiyo. Kinachobaki cha kushindania ni mgawanyo wa nguvu ya pigo: kiasi gani kiwe mwendo, kiasi gani kiwe mzunguko, na je, mpira uleule unaweza kuzunguka kidogo ukipigwa kwa draiva, fimbo ya mapigo marefu, kisha ukazunguka sana ukipigwa kwa weji, fimbo ya mapigo mafupi?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye kiini, yaani tufe la raba lililo ndani ya mpira, na hapo ndipo wabunifu wamegawanyika. Wapo wanaotumia kiini kimoja kikubwa kilichopikwa kwa ustadi kiwe laini katikati na kigumu pembeni. Wapo wanaotumia viini viwili: kidogo cha ndani, kisha kingine kinachokizunguka, kila kimoja na mchanganyiko wake. Si suala la kiwanda kikubwa dhidi ya kidogo. Titleist, watengenezaji wakubwa wa mipira, wenyewe wanauza Pro V1 yenye kiini kimoja na Pro V1x yenye viwili, rafu moja, daraja moja. Kama upande mmoja ungekuwa bora bila ubishi, mwingine ungekuwa umeshatoweka, kama ilivyotoweka mipira ya nyuzi za raba zilizozungushwa, uvumbuzi wa Coburn Haskell uliopewa hataza mwaka 1899, baada ya Pro V1 kuingia kwenye mashindano ya wachezaji wa kulipwa Oktoba 2000.

Kiini kimoja si kitu rahisi kama jina lake. Chukua kiini cha milimita 39. Msingi wake ni polibutadieni, raba ya kutengenezwa, yenye muundo wa kikemia uitwao “cis” kwa zaidi ya asilimia 90, kwa sababu ndiyo raba inayodunda vizuri kuliko nyingine zote zinazofaa kazi hii. Kwa kila sehemu 100 za raba huwekwa zinki daiakrileti sehemu 20 hadi 40, na hiyo ndiyo inayoamua ugumu. Oksidi ya zinki sehemu 5 hivi. Dikumili peroksidi karibu sehemu 1 ya kuanzisha mwitiko. Na mara nyingi nusu sehemu ya chumvi ya zinki ya pentaklorothiofenoli, ambayo hulainisha kiini bila kukinyima mdundo. Halafu kuna bariamu salfeti, ambayo kazi yake ni uzito tu. Ili kiini kifike densiti ya karibu gramu 1.16 kwa sentimita ya ujazo, mchanganyiko wenye daiakrileti sehemu 28 unahitaji bariamu sehemu 20 hivi. Ukiongeza daiakrileti sehemu 5 ili kukaza kiini, ondoa bariamu sehemu 2, la sivyo mpira utaelekea kuvuka gramu 45.93 na kundi zima litakataliwa.

Makosa huanzia kwenye kuchanganya. Daiakrileti ni unga unaopenda kushikamana. Usiposambaa vizuri, huacha madonge magumu ambayo hayaonekani mpaka kiini kikatwe, na viini vya kundi moja vinatofautiana kompresheni (kiasi vinavyokataa kubonyea) bila sababu ya wazi. Peroksidi huingia mwisho, na mchanganyiko usipashwe moto zaidi ya inavyohitajika, maana ukianza kuiva kwenye rola hautajaza kalibu. Kipande kinachoingia kalibuni lazima kiwe kizito kidogo kuliko kiini chenyewe ili ziada itoke pembeni. Kikipungua, hewa hubaki ndani, na kiini chenye matundu hakidundi sawasawa.

Ufundi wenyewe uko kwenye kupika. Kalibu ya nyuzi 150 hadi 175 za Selsiasi hufungwa kwa dakika 10 hadi 15. Moto huingia kutoka nje, kwa hiyo pembeni huiva kwanza. Daiakrileti inapoungana hutoa joto lake yenyewe, na katikati, ambako joto halina pa kutokea, panaweza kupita moto wa kalibu. Mbunifu hucheza na tofauti hiyo. Akianza na moto mdogo kisha akaupandisha, akiongeza kizuia oksidisho, au akitia maji kidogo au kitu kinachotoa maji, katikati hubaki na viungo vichache vya kemikali: penye joto zaidi peroksidi huvunjika haraka na nguvu yake hupotea bila kufunga raba. Matokeo ni kiini kinachopanda ugumu taratibu kutoka katikati hadi kwenye ngozi, kwa tofauti ya pointi 15 hadi 30 za Shore C, kipimo cha ugumu wa raba.

Kwa nini mteremko huo unatafutwa? Mpira hukaa kwenye uso wa draiva kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde, na kwa pigo kali hubonyea hadi ndani kabisa. Katikati pakiwa laini na pembeni pagumu, mpira hupungukiwa na mzunguko wa nyuma na hupaa juu kidogo zaidi, na kwa draiva hilo ndilo linaloleta umbali. Kwa pigo fupi la weji kiini hakiguswi sana: kazi hufanywa na ganda na tabaka lililo chini yake. Ndiyo maana mpira mmoja unaweza kuwa na tabia mbili.

Sasa hoja ya viini viwili. Upikaji, hata wa ustadi, una kikomo. Huwezi kupata katikati laini sana na pembeni pagumu sana kutoka mchanganyiko mmoja bila kuharibu kimojawapo: daiakrileti ikipunguzwa ili kulainisha katikati, pembeni nako hulegea, na kiini kizima hupoteza mdundo. Mwenye viini viwili anaandika mapishi mawili. Kiini cha ndani, tuseme milimita 25, kinapewa daiakrileti kidogo. Cha nje, chenye unene wa milimita 7, kinapewa nyingi. Anapata ngazi badala ya mteremko, na anaweza kuiweka ngazi hiyo penye kina anachotaka. Kwa mpigaji mwenye kasi, ambaye pigo lake linafika kwenye kiini cha ndani kila mara, uhuru huo una thamani halisi. Anapunguziwa mzunguko wa draiva bila kupewa mpira mlegevu unaopoteza mwendo. Hoja hii ni nzito, na wanaoipuuza kwa kusema ni mbinu ya matangazo wanakosea.

Gharama yake nayo ni nzito. Kiini cha ndani hupikwa, husagwa hadi kipimo, kisha hufunikwa kwa vikombe viwili vya raba mbichi ambavyo vimefinyangwa mapema kwa kutumia tufe la chuma badala ya kiini, na vyote hurudi kwenye kalibu. Hapo matatizo matatu hukutana.

La kwanza ni kwamba kiini cha ndani kinapikwa mara ya pili. Kwenye nyuzi 175 nusu ya dikumili peroksidi huisha kwa dakika moja hivi, lakini kwenye nyuzi 160 huchukua dakika kadhaa. Kama mpiko wa kwanza uliharakishwa, peroksidi iliyobaki huamka kwenye mpiko wa pili na kukaza kitu ulichotaka kibaki laini. Vipimo vya kiini cha ndani kikiwa peke yake vitasema kila kitu ni sawa. Mpira uliokamilika utakataa. Dawa ni kupima Shore C ya katikati baada ya mpiko wa pili na kurekebisha mapishi kwa namba hiyo.

La pili ni kutanuka. Raba hutanuka kwa urefu kama sehemu 2 kwa 10,000 kwa kila nyuzi moja. Tufe la milimita 25 likitoka nyuzi 25 hadi 160 linaongezeka zaidi ya nusu milimita, likisukuma vikombe vilivyo katikati ya kuiva. Mstari wa muungano wa vikombe ukishakuwa mgumu kabla kiini hakijatulia, hufunguka au hubaki na mpasuko mwembamba. Mpira hauvunjiki siku hiyo. Huvunjika baada ya mapigo mengi ya draiva, na mtu akiukata huona ufa umefuata mstari ule.

La tatu ni kushikana. Dawa ya kuachisha kalibu, vumbi la kusagia, hata mafuta ya mikono, vyote hukaa kwenye ngozi ya kiini cha ndani na kuzuia raba mbichi kujiunga nayo. Usagaji husaidia kwa kuondoa ngozi chafu, mradi viini visirundikwe kwa siku kadhaa baada ya hapo. Kuna sababu nyingine ya kutovirundika, na hii inahusu pande zote mbili: kiini cha polibutadieni kilichofungwa kwa peroksidi na daiakrileti hunyonya unyevu wa hewa na kupoteza mdundo. Kiwanda chenye hatua mbili za kiini kina foleni mbili za kusubiri, na unyevu haulali.

Halafu kuna kukaa katikati. Baadhi ya wachezaji hupima mpira kwa kuuelesha kwenye maji yenye chumvi nyingi: ukigeuka daima upande uleule juu, una upande mzito. Kipimo hicho ni halali kwa kile kinachopima. Lakini tufanye hesabu. Kiini cha ndani cha milimita 25 kikihama kwa nusu milimita, na densiti yake ikitofautiana na ya nje kwa 0.1, kitovu cha uzito cha mpira kinahama kwa takriban milimita 0.009 tu. Densiti zikiwa sawa, hakihami hata kidogo. Wakati huohuo unene wa kiini cha nje umekuwa milimita 6.5 upande mmoja na 7.5 upande wa pili, yaani ugumu wa mpira unategemea umepigwa wapi. Mpira huo utafaulu kwenye ndoo ya chumvi na bado utatawanyika uwanjani.

Eksirei nayo ina upofu wake, maana vijazio vya uzito kama bariamu vikifanana ndani na nje, mpaka hauonekani. Njia ya uhakika ni kutia rangi tofauti kwenye michanganyiko na kukata sampuli, tena kwa mikato miwili inayopishana, kwa kuwa mkato mmoja huficha kuhama kunakoelekea upande usioonekana. Kiini kimoja kinaweza kukaa kombo ndani ya ganda pia, lakini kina mpaka mmoja pungufu wa kukosea.

Kuna dai moja la viini viwili ambalo halistahili uzito linalopewa: kwamba kuhamishia vijazio kwenye kiini cha nje hufanya mpira ushikilie mzunguko wake angani. Kwa kanuni ni kweli. Uzito ukienda pembeni, mpira huanza kuzunguka kwa shida na hukawia kupungua. Lakini kiasi? Tufe lenye uzito sawia kila mahali, kwa vipimo vya juu, lina inesha ya mzunguko (kipimo cha jinsi linavyokataa kuanza au kuacha kuzunguka) kama 83.6, kwa kizio cha gramu mara sentimita mraba. Ondoa bariamu yote kwenye kiini cha ndani cha milimita 25 na utaokoa karibu gramu 1, kwa sababu raba na daiakrileti vyenyewe havishuki sana chini ya densiti 1.04. Ipeleke gramu hiyo kwenye kiini cha nje na inesha inapanda kwa asilimia 1 na nusu hivi. Anayetaka zaidi ya hapo aweke vijazio kwenye tabaka la chini ya ganda, mahali ambapo umbali kutoka katikati unamsaidia zaidi.

Kwa mizani yangu, kiini kimoja chenye mteremko mzuri ndicho kianzio sahihi kwa mipira mingi, na viini viwili vihifadhiwe kwa mpira wa wapigaji wenye kasi kubwa, kwenye kiwanda ambacho tayari kimedhibiti unyevu, usagaji na ukataji wa sampuli. Kwa mpigaji wa taratibu ngazi ya ndani haifikiwi ipasavyo. Analipia hatua ambayo pigo lake haliiamshi. (Na mpira laini haumwongezei mwendo, ingawa kifurushi humwambia hivyo. Humpunguzia mzunguko na humpa mguso anaoupenda, basi.) Mwaka 2023 R&A na USGA walitangaza kwamba kipimo cha umbali kitahamia kasi ya kichwa cha fimbo ya maili 125 kwa saa badala ya 120, mpaka wa umbali ukibaki palepale. Hilo linawabana zaidi wapigaji wenye kasi, watu walewale ambao viini viwili vilibuniwa kwa ajili yao, na linapunguza faida ya kukamua yadi ya mwisho kwa mapishi mawili.

Anayetaka kuzilinganisha njia hizi kwa haki asichukue mipira miwili ya dukani. Ganda moja, vijishimo vilevile, uzito uleule. Kisha viini virekebishwe hadi kompresheni ilingane ndani ya pointi 2 na mdundo wao vikirushwa ukutani kwa mzinga wa hewa ulingane pia. Bila hivyo anapima ulaini dhidi ya ugumu. Roboti ipige kwa kasi tatu tofauti, mipira igeuzwe kila pigo ili kasoro za kukaa kombo zijitokeze, na mtawanyiko wa mzunguko usomwe kabla ya wastani. Viini viwili vikishinda kwenye wastani na kushindwa kwenye mtawanyiko, tatizo liko kwenye kalibu, na kemia iachwe kwanza.