Acheni Bei, Sikilizeni Sauti

Nimechoka na wauza santuri. Kila Swaddling Songs, albamu ya Mellow Candle, bendi ya folk rock ya Ireland, inapotajwa, mazungumzo yanageuka mnada: nakala halisi ya 1972 ya kampuni ya Deram, adimu, bei yake ya juu mno, jalada halijakunjika. Ni adimu kweli, kwa sababu ilipotoka haikupata wanunuzi. Lakini mbona hamtuambii kilichomo ndani?

Kilichomo ni Clodagh Simonds na Alison Williams. Walianza kuimba pamoja wakiwa wasichana wa shule ya watawa huko Dublin, na santuri yao ndogo ya kwanza ilitoka 1968. Bendi nyingi za folk rock, yaani rock iliyochanganywa na nyimbo za kiasili, za enzi ile zilimweka mwanamke mmoja mbele aimbe, muziki wakautunga wanaume. Hawa wawili waliandika sehemu kubwa ya nyimbo wenyewe, na kwenye kuimba hakuna kiongozi wala mwitikiaji. Mmoja anaanza mstari, mwenzake anaudaka katikati, anapanda juu yake, anashuka chini yake, wanapishana mpaka hujui tena nani ni nani. Katika wimbo wa Reverend Sisters wanatembea taratibu na piano, ukumbusho wa watawa wale wale wa shuleni. Ukifika wimbo wa Boulders on My Grave, maneno yanawaishia lakini sauti zinaendelea bila maneno, na ngoma za William Murray zinazikimbiza. Kila nikifika hapo nasisimka mwili mzima.

Anayetafuta fidla na muziki wa kucheza wa Kiayalandi atarudi mikono mitupu, nakubali. Uayalandi wao umo kwenye namna melodi zinavyopinda. Na haya, mashairi yamejaa wachawi kidogo kupita kiasi.

Kinachoniuma ni kwamba bendi ilivunjika kabla ya albamu ya pili. Alison na Dave Williams, mpiga gitaa wao, walihamia Afrika Kusini wakaunda bendi ya Flibbertigibbet. Clodagh aliimba kwenye Ommadawn, albamu ya mwanamuziki Mwingereza Mike Oldfield, 1975, kwa hiyo wengi wamewahi kuisikia sauti yake na jina lake hawalijui.

Albamu imeshatolewa upya kwenye CD, na mtandaoni ipo. Anzeni na wimbo wa Sheep Season, na msiukatize pale waimbaji wanaponyamaza na vyombo vikashika usukani.