Mzee Alivyokaa Saiba Miaka Kumi

Stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri, na seva, ile kompyuta kuu ya saiba yetu pale Mombasa, ikaamka ikidhani ni 1 Januari 2009. Ile betri ya CR2032, ndogo kama sarafu, inayoshika saa mashine ikizimwa, ilikuwa imekufa zamani. Mimi sina habari. Saa mbili nikafungua, mzee mmoja akaketi kompyuta namba tatu, akaanza kuandika barua kwa kidole kimoja.

Mara meza ya pili wanalalamika: tovuti hazifunguki. Zitafungukaje? Vyeti vyake vya usalama vimetolewa juzi, na kwa hesabu ya seva havijazaliwa.

Nikampigia bosi.

"Weka saa sawa, si kazi hiyo! Ni saa tatu kasorobo."

Nikafungua Linux, mfumo unaoiendesha seva, nikaandika amri ya date: 15 Machi 2019, 02:45. Ndiyo, 02:45. Mswahili nikiambiwa saa tatu kasorobo nifanyeje?

"Kijana," mzee akaniita, "hii tano ya huku mbele ni ya nini?"

Nikachungulia. Sh. 5,364,015. Tunatoza shilingi moja kwa dakika, na seva imehesabu tangu 2009.

"Mzee... umekaa miaka kumi."

"Na barua sijamaliza," akasema.

Jasho likanitoka. Wakati huo mama mmoja naye keshaketi namba tano. Nikakumbuka Linux ina saa mbili, ya mfumo na ya kwenye ubao mama (motherboard), ile inayoshikwa na betri, na ile ya ubao sijaigusa. Amri ni hwclock. Ukiongeza --systohc, saa ya mfumo inaandikwa kwenye ubao. Ukiongeza --hctosys, ya ubao inakuja kwenye mfumo. Aliyezibuni hakuwahi kusimamiwa na mteja wa milioni tano. Nikapiga ya pili.

Pap! 2009.

Bili ya mzee ikaporomoka hadi shilingi 55. Nikashusha pumzi. Haikufika hata chini.

"Wewe kaka," akaita yule mama, "hapa nimeandikiwa alama ya kutoa, kisha 5,363,963. Nawadai?"

Alikuwa ameingia 2019, na sasa tuko miaka kumi kabla hajaketi. Nikafungua mdomo, maneno yakagoma.

Mzee akainuka polepole, akaisoma skrini ya jirani yake kwa makini, kisha akamwinamia.

"Mwanangu, usikubali akulipe kidogo kidogo."