Jiji Likizidiwa na Viunga Vyake: Kisumu na Suala la Mpaka

Anayetaka kuona Kisumu inakokua apande barabara ya Kakamega. Mamboleo ndiko liliko jengo la maduka la Lake Basin, na ndiko uliko uwanja wa michezo ambako Sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa mwaka 2021. Mbele yake, vilima vya Riat vimejaa nyumba za wenye uwezo na hoteli, hadi unapofika Kiboswa, mpakani mwa Kaunti ya Vihiga. Wapo wanaoona katika hali hii ustawi, na wapo wanaohofia kwamba mitaa ya zamani inayozunguka Barabara ya Oginga Odinga itaachwa ichakae.

Wanaofurahia wana hoja nzito, na nyingine inatokana na umbo la mji wenyewe. Reli ilipofika mwaka 1901 ilikomea ufukweni, na mji ukaanzia hapo. Kwa hiyo mahali tunapopaita katikati ya jiji kwa kweli ni pembezoni: upande mmoja ni Ziwa Victoria, na ukuaji hauna budi kuelekea upande wa nchi kavu. Sehemu za chini kama Nyalenda hufurika mvua ikizidi, ilhali Riat iko juu na ina nafasi. Kumlaumu mtu kwa kujenga huko ni kumwonea.

Hata hivyo, Marekani inatupa sababu ya kutahadhari, na mfano ninaouona kuwa muhimu kwetu kuliko yote ni wa St. Louis. Mwaka 1876 jiji hilo, likiwa tajiri na likiuona mzigo wa mashamba yaliyolizunguka kuwa mzito, lilijitenga na kaunti yake kwa kura na kuufunga mpaka wake. Kwa miongo kadhaa uamuzi huo ulionekana wa busara. Kisha watu wakaanza kuhamia nje ya mpaka, na kila aliyehama akaondoka na kodi yake. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na wakazi 856,796. Mwaka 2020 walibaki 301,578, huku kaunti iliyoachwa kama mzigo ikiwa na zaidi ya milioni moja, pamoja na mji wa Clayton wenye ofisi zake na mabenki yake. Detroit nayo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwaka 2013, ilhali Kaunti ya Oakland, iliyopakana nayo, ilikuwa miongoni mwa kaunti tajiri zaidi za jimbo la Michigan. Katika sehemu zote mbili, lililoumiza zaidi kuliko uzuri wa viunga ni kwamba fedha zilizozalishwa na eneo moja la kiuchumi zilikatwa na mstari ambao barabara na ajira hazikuutambua. (Ubaguzi wa rangi katika makazi uliongeza kidonda, na hakuna haja ya kuuficha.)

Kisumu ina kinga ambayo St. Louis iliitupa. Chini ya Katiba ya 2010, kodi ya mali hutozwa na kaunti, na Mamboleo na Riat ziko ndani ya kaunti ileile iliyo na bandari na soko la Jubilee. Jengo likihama kutoka mjini hadi Mamboleo, kodi yake haijapotea. Kwa sababu hiyo nadhani wanaotabiri kwamba Kisumu itakuwa Detroit wanatia chumvi.

Lakini hoja yao ya pili, kwamba ukuaji huu unaweza kuwaumiza maskini, siwezi kuipuuza. Huko Marekani maskini walibaki ndani ya jiji na matajiri wakatoka. Kwetu, ukoloni uliwaweka Waafrika nje ya mji uliopimwa, na Manyatta, Nyalenda na Obunga zikakua kama mkanda kati ya katikati ya jiji na viunga vya leo. Mwenye kibarua mjini anayeishi Nyalenda anaweza kwenda kwa miguu. Kazi hiyo ikihamia Riat, nauli ya matatu au ya boda boda inaingia katika bajeti yake kila siku, na hakuna aliyemuuliza. Hapa ndipo ninapoegemea upande wa wanaolalamika: kaunti inayopokea kodi ya Riat inapaswa kuonyesha waziwazi ni kiasi gani kinarudi kwenye mifereji na maji ya Nyalenda.

Kiboswa inabaki tatizo la aina nyingine, kwa kuwa hapo mpaka wa kaunti unakata soko na makazi, na aliyejenga upande wa Vihiga huilipa Vihiga ingawa riziki yake inategemea Kisumu. Kuupanua mpaka kungezua uhasama, na Vihiga ingekuwa na haki ya kukataa. Kifungu cha 189 cha Katiba kinaruhusu serikali za kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Kamati moja ya Kisumu na Vihiga, yenye jukumu la maji, taka na vituo vya matatu kuanzia Mamboleo hadi Kiboswa, inaweza kuundwa kabla viwanja vilivyobaki kando ya barabara hiyo havijajengwa vyote.